Mutuba na Mbuni: Miti Imfaayo Mwanagenzi wa Bonsai

Sanaa ya kulea mti mdogo chunguni, ambayo Wajapani huiita bonsai, chimbuko lake ni China. Katika kaburi la mwana wa mfalme Zhanghuai, la mwaka 706, kuna michoro ya watumishi waliobeba sinia zenye mawe na miti midogo. Mwanafunzi wa Jinja au Mbale atakaye kuianza sanaa hii hana haja ya kuagiza misonobari ya nchi za baridi. Historia ya mashariki ya Uganda imekwisha kumchagulia miti.

Wa kwanza ni mutuba, mti wa jamii ya mkuyu, ambao wataalamu huuita Ficus natalensis. Katika Buganda na Busoga wazee waliupanda kwa kuchomeka kipande cha tawi ardhini, nacho kikatoa mizizi. Ulipokomaa waliubandua gome, wakaligonga kwa nyundo za mbao hata likawa nguo. Shina lililobaki uchi lilifungwa kwa majani ya migomba, gome jipya likaota, na mti ukavunwa tena na tena. Mti uwezao kustahimili hayo hauuawi upesi na kosa la mwanagenzi. Katika chungu chenye matundu hukubali kupunguzwa mizizi na matawi. Tawi lingali bichi hukunjwa kwa waya, mradi waya ufunguliwe kabla haujauma gome.

Wa pili ni mbuni. Katika miteremko ya Mlima Elgon, juu ya Mbale, mkulima hukata shina kongwe karibu na ardhi. Machipukizi yatokapo, huchagua mawili au matatu yenye nguvu, akaondoa mengine. Mwenye bonsai naye kazi yake kubwa ni hiyo hiyo: kujua lipi libaki na lipi liondoke.

Mbuni umeendelea kustawi, kwa kuwa kahawa ina soko. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kilianzishwa mwaka 1954. Mutuba haukupata bahati hiyo. Wafanyabiashara wa pwani walileta merikani katika karne ya 19. Mwaka 1903 zikaletwa mbegu za pamba. Na bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, umeme ukapatikana wa kuendesha viwanda vya nguo. Nguo ya gome ikasalia zaidi kwa mazishi na sherehe. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi ya kuitengeneza kuwa urithi wa wanadamu. Lakini tangazo halipandi mti, wala halimfundishi kijana kushika kisu.

Ndugu mwalimu, wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Chomeka kipande cha mutuba katika chungu cha shule, kisha mwalike mzee aliyewahi kubandua gome awasimulie wanafunzi. Mti watajifunza kuukunja. Na majina ya kazi hiyo, ambayo hayamo katika kamusi zetu, watayaandika kutoka kinywani mwake.