Miamba ya Bonde la Rukwa: kwa nini shimo refu hubomoka

Aliyewahi kuchimba kisima cha mikono kwenye udongo wa kichanga anajua: ukizidi mita chache, kuta huanza kumeguka. Ndiyo maana mafundi hushusha pete za zege. Shimo la kutafuta mafuta au gesi lina shida hiyohiyo, ila hufika kilomita moja au zaidi chini, na hakuna mtu wa kuingia kutazama.

Wakati wa kuchoronga, kinachoshikilia kuta ni tope zito linalozungushwa shimoni. Likiwa jepesi mno, kuta humeguka na vyuma hunasa. Likiwa zito mno, mwamba hupasuka na tope hupotelea kwenye nyufa. Uzito unaofaa hutegemea ugumu wa kila tabaka, na hapo ndipo Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, linaposumbua.

Bonde hilo limejaa mashapo yaliyoletwa na mito na maziwa kwa mamilioni ya miaka. Juu kuna matabaka ya ziwa, mengi bado laini. Chini yake ni mawe mekundu ya mchanga (humo ndimo ilimopatikana mifupa ya dinosaria), kisha miamba ya Karoo yenye makaa ya mawe. Mfinyanzi hunywa maji ukavimba. Mchanga usioshikana humwagika shimoni.

Mwaka 1987 vilichorongwa visima viwili virefu vya kutafuta mafuta, Ivuna na Galula, bila kupata mafuta ya kibiashara. Visima viwili kwa bonde lenye urefu wa zaidi ya kilomita 300! Uchorongaji ulirudi 2021, safari hii kutafuta heliamu.

Ugumu hupimwa kwa kukata kipande cha mwamba na kukibana kwenye mashine hadi kivunjike, au kwa kushusha chombo cha kupima mwendo wa sauti: mwamba mgumu huipitisha haraka kuliko mlegevu. Pasipo vipimo hivyo, wahandisi huazima takwimu za mabonde mengine. Kwa hiyo, kwetu sisi, kisima kisichotoa kitu si hasara tupu ikiwa vipande vyake vimetunzwa.

Heliamu ni gesi nyepesi sana, hupenya hata ufa mwembamba. Mwamba mkavu unaopasuka upesi huiachia. Mfinyanzi unaokubali kupinda bila kupasuka huifunika vizuri, ingawa ndio huohuo unaomnasia mchorongaji vyuma vyake.