Programu inayosaka saa yako yaweza kujua ulipo

MTU aliyenunua saa inayohesabu hatua zake, au kipimo cha shinikizo la damu kinachopeleka majibu kwenye simu ya mkononi, hukutana na jambo la kushangaza siku ya kwanza. Kabla programu ya kifaa hicho haijaanza kukitafuta, simu humuuliza iwapo anairuhusu kusaka vifaa vilivyo karibu. Katika simu nyingi za miaka ya nyuma, swali huwa zito zaidi: je, programu hiyo iruhusiwe kujua mahali alipo?

Wengi hubonyeza neno la kukubali bila kusoma. Wengine hukataa kwa hofu, kisha hulalamika kwamba wameuziwa kifaa kibovu. Hata hivyo, swali hilo halikuwekwa bure. Orodha ya vifaa vilivyo jirani na simu yaweza kueleza mahali ilipo, na ndani ya jengo wakati mwingine hueleza vizuri kuliko setilaiti.

Teknolojia inayohusika ni Bluetooth inayotumia nishati kidogo. Mwaka 2006 kampuni ya Nokia ya Ufini ilitangaza mfumo ulioitwa Wibree, uliokusudiwa kuviwezesha vifaa vidogo kuwasiliana kwa redio bila kumaliza betri. Baadaye mfumo huo uliunganishwa na Bluetooth, na mwaka 2010 ukaingizwa rasmi katika toleo lake la 4.0. Hii si ile Bluetooth ya awali ambayo vijana waliizoea kwa kurushiana nyimbo na picha. Hii mpya hutuma maneno machache, kisha hunyamaza.

Kifaa huita, simu husikiliza

Watu wengi hudhani kuwa simu ndiyo inayoita na kifaa kuitika. Ukweli ni kinyume chake. Kifaa ndicho kinachotangaza uwepo wake, mithili ya mchuuzi wa samaki apitaye mtaani: hupaza sauti, hunyamaza, kisha huita tena. Muda kati ya tangazo moja na jingine waweza kuwa milisekunde 20 tu, au ukafika sekunde 10.24, kadiri mtengenezaji alivyopanga. Katikati ya matangazo kifaa hulala. Ndiyo maana betri ya duara yenye umbo la sarafu yaweza kudumu miezi mingi.

Matangazo hayo hupita katika masafa ya gigahezi 2.4, yaliyogawanywa katika njia 40. Njia tatu kati ya hizo ndizo zilizotengwa kwa matangazo ya kawaida, nazo zimepangwa ili zisigongane na njia zinazotumiwa zaidi na Wi-Fi. Tangazo la kawaida hubeba baiti 31 tu za taarifa, ilhali ujumbe mfupi wa simu hubeba hadi herufi 160. Katika nafasi hiyo finyu huwekwa jina la kifaa, namba ya mtengenezaji au namba ya huduma ambayo kifaa hicho hutoa.

Kazi ya programu iliyo kwenye simu ni kusikiliza njia hizo tatu kwa zamu na kuandika kila inachokisikia. Yaweza kusikiliza kimya kimya, au kukiomba kifaa kiongeze maelezo. Programu iliyoandikwa vizuri huchuja: hutaja namba ya huduma inayoitaka na kuyaacha matangazo mengine yapite, jambo linalookoa betri na kuheshimu siri za majirani.

Aidha, simu hupima nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Kipimo cha hasi 50 huashiria kifaa kilicho karibu sana, na hasi 90 huashiria kilicho mbali au kilichofichwa. Lakini kipimo hicho si futi kamba. Mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, hufifisha mawimbi hayo, na saa iliyo upande wa pili wa mwili yaweza kuonekana kana kwamba iko chumba cha jirani.

Kwa nini kifaa hakionekani

Kabla ya kukirudisha kifaa dukani, yapo mambo ya kuchunguza. La kwanza ni ruhusa iliyokataliwa, kwani simu nyingi hazitoi onyo. Huonyesha orodha tupu tu. La pili ni kwamba vifaa vingi huacha kutangaza vikishaungana na simu moja. Saa iliyokwisha kuunganishwa na simu ya zamani yaweza isionekane kabisa katika simu mpya, hadi kiungo cha awali kikatwe.

La tatu humhusu aliyeiandika programu. Tangu toleo la 7 la Android lililotoka mwaka 2016, programu inayoanzisha usakaji zaidi ya mara tano ndani ya sekunde 30 huzuiwa kwa muda, tena bila ujumbe wa kosa. Mtumiaji anayebonyeza kitufe cha kutafuta mfululizo kwa kukosa subira huenda ndiye anayejinyima majibu.

Uhusiano na mahali

Mwaka 2013 kampuni ya Apple ilileta iBeacon, mfumo unaotumia visambaza mawimbi vidogo vinavyobandikwa madukani, katika viwanja vya ndege na kwenye majumba ya makumbusho. Kila kimoja hutangaza namba yake bila kukoma. Programu inayojua kila namba imebandikwa wapi yaweza kujua mteja amesimama mbele ya rafu gani, bila kuigusa setilaiti hata mara moja.

Kwa sababu hiyo, kuanzia Android 6.0 ya mwaka 2015, programu ilitakiwa kuwa na ruhusa ya kujua mahali ndipo ipewe matokeo ya usakaji. Simu za iPhone zilianza kumuuliza mtumiaji kuhusu Bluetooth katika toleo la iOS 13 la mwaka 2019. Mwaka 2021, Android 12 ilitenganisha mambo hayo mawili kwa kuleta ruhusa maalumu ya vifaa vya karibu, huku mwandishi wa programu akiweza kutamka kwamba hatatumia matokeo kutafuta mahali.

Kinga nyingine imo katika vifaa vyenyewe. Vifaa vingi vya kisasa hubadili anwani vinayoitangaza kila baada ya dakika 15 hivi, ili asiyehusika asiweze kukifuata kimoja kutwa nzima. Msingi kama huo ulitumika mwaka 2020, pale Apple na Google zilipotoa mfumo wa kuwatahadharisha waliokaa karibu na mgonjwa wa korona bila kutaja majina yao wala mahali walipokutana.

Lakini silaha ni ileile mikononi mwa mwema na mwovu. Mwezi Aprili 2021 Apple ilianza kuuza AirTag, kifaa kidogo cha kutafutia funguo au begi lililopotea. Muda si mrefu, yakaripotiwa matukio ya watu kutegewa vifaa hivyo mikobani na ndani ya magari ili wafuatwe kwa siri. Mei 2023 Apple na Google zilipendekeza kanuni za pamoja, na Mei 2024 tahadhari zikaanza kutolewa kwenye iPhone zenye iOS 17.5 na simu za Android kuanzia toleo la 6.0. Simu sasa husaka yenyewe, na ikigundua kifaa kigeni kinachoandamana na mwenye simu, humwambia.

Kisheria, Kenya iliitaja taarifa ya mahali miongoni mwa vitambulisho vya mtu katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2023.

Ni vema, basi, mtumiaji ajiulize swali moja kabla ya kubonyeza: programu hii ina kifaa gani cha kutafuta? Programu ya saa au ya kipimo cha sukari inalo jibu. Programu ya tochi haina. Naye atakayepata tahadhari ya kufuatwa asiipuuze: akilishe kifaa hicho sauti kupitia simu, akitafute, aandike namba yake, akitoe betri na kukipeleka polisi. Kukitupa barabarani ni kupoteza ushahidi.