Wembe wa kujinoa

Wembe wa kujinoa ni mashine ya mkono ya kunyolea ndevu, isiyo ya umeme, iliyotengenezwa pamoja na kifaa cha kuunolea wembe wake. Kifaa hicho huwa kwenye kichwa cha mashine yenyewe au ndani ya kasha lake. Mashine za aina hii zilienea Marekani na Ulaya katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na zilizo maarufu kuliko zote ni mbili: Valet AutoStrop iliyoanzia New York na Rolls Razor ya London. Kazi ya kunoa ilibaki ya mkono wa mwenye ndevu. Mashine ilimsaidia kushika mlalo ule ule wa wembe kila upande na kuugeuza kwa wakati wake, mambo mawili ambayo mtu wa wembe wa kukunja hujifunza polepole, tena kwa kujikatakata.

Asili

Wembe wa kukunja ulikuwa na matunzo ya kila siku. Asubuhi ulipitishwa kwenye mkanda wa ngozi kabla ya kugusa shavu, na kila baada ya majuma kadhaa ulirudishwa kwenye kinoo au ukapelekwa kwa kinyozi anayejua kunoa. Mfaransa Jean-Jacques Perret, fundi wa visu, alieleza katika kitabu chake cha 1769 namna ya kuuwekea wembe kinga ya mbao ili usizame kwenye ngozi. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1880, ndugu wa Kampfe wa New York walipata hataza ya mashine iliyokuja kuuzwa kwa jina la Star: kipande kifupi na kinene cha wembe, kikikaa kwenye kichwa kilichopinda mfano wa jembe na mpini wake. Hatari ya kujikata ilipungua sana, lakini kero ya kunoa ilibaki pale pale. Ilibidi wembe utolewe, ushikizwe kwenye kishikio cha pembeni, upitishwe kwenye ngozi, kisha urudishwe.

King Camp Gillette alilikabili tatizo hilo kwa kulikimbia. Wembe wake ulikuwa bati jembamba la chuma lenye makali pande mbili, ambalo likiishiwa makali linatupwa. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyegundua jinsi ya kukipa ugumu chuma chembamba kiasi hicho bila kukikunja. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa biashara, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168 tu. Hataza ilitoka mwaka 1904, na Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza serikali yake iliagiza mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari. Mashine ilinunuliwa mara moja. Nyembe zilinunuliwa maisha yote. Kila aliyetengeneza wembe wa kujinoa alikuwa, kwa namna moja au nyingine, akibishana na hesabu hiyo.

AutoStrop

Henry Gaisman alizaliwa Memphis, Tennessee, mwaka 1869, na alikuwa mvumbuzi wa kila kitu. Kampuni ya Kodak ilimlipa dola 300,000 mwaka 1914 kwa mbinu ya kumwezesha mpiga picha kuandika maelezo juu ya filamu papo hapo, ndani ya kamera. Kabla ya hapo alikuwa ameanzisha kampuni ya AutoStrop, na mashine yake ya kunyolea ni ya kijanja kuliko inavyoonekana.

Kichwa cha AutoStrop kina uwazi nyuma ya wembe. Mkanda mrefu wa ngozi hupenyezwa humo, ncha moja ikaning'inizwa kwenye kulabu, nyingine ikashikwa kwa mkono. Mwenye mashine huisogeza mbele na nyuma juu ya mkanda. Msuguano wa ngozi huzungusha roda ndogo iliyo kichwani, nayo huupindua wembe kila mwelekeo unapobadilika, hivyo ubavu mmoja hupigwa ngozi wakati wa kwenda na wa pili wakati wa kurudi. Makali hufuata nyuma siku zote. Yangetangulia yangeukata mkanda. Ikiisha kazi hiyo, mkanda huvutwa nje na mtu huanza kunyoa. Hakuna kilichofunguliwa. Baada ya kunyoa, kichwa huoshwa chini ya bomba na kufutwa, pia bila kufunguliwa. Kwa uhandisi mtupu hii ndiyo mashine nzuri kuliko zote katika jamii yake, na anayeishika leo huona wazi kwamba ilichorwa na mtu aliyechoshwa na skrubu.

Udhaifu wake haukuwa kwenye ufundi. Ngozi hurefusha maisha ya wembe, haiyarudishi. Wembe wa AutoStrop, wenye makali upande mmoja, ulidumu zaidi ya wembe usiopigwa ngozi, lakini mwishowe ulikufa na mwingine ukanunuliwa. Gaisman, kwa hiyo, naye alikuwa muuza nyembe, ila mwenye haraka ndogo kuliko Gillette.

Kampuni hizo mbili ziligongana mwaka 1930. Gaisman alikuwa na hataza ya umbo jipya la wembe wa pande mbili, na Gillette ilipotoa mashine na wembe mpya vilivyofanana na wazo hilo, aliifungulia kesi. Ugomvi uliishia kwenye muungano. Wakaguzi wa upande wa Gaisman walipofungua vitabu vya Gillette walikuta faida za miaka kadhaa zimekuzwa kwa kuhesabu kama mauzo mali iliyopelekwa tu kwenye matawi yake ya ng'ambo. Hisa za Gillette zilianguka, na aliyekuja kama mshindani akaishia kuwa mwenyekiti wa bodi. Kampuni iliendelea kuitwa Gillette. Mwenye jina hilo alifariki mwaka 1932. Gaisman aliishi hadi 1974, akiwa amevuka umri wa miaka 100.

Rolls Razor

Waingereza walilichukulia jambo hili kwa uzito mwingine. Rolls Razor, iliyokuwa na kiwanda Cricklewood, kaskazini magharibi mwa London, iliuza mashine ambayo kasha lake ndilo karakana. Haina undugu na Rolls-Royce, ingawa jina hilo bila shaka halikuiumiza sokoni.

Kasha ni la chuma kilichopakwa nikeli, au fedha kwa matoleo ya bei kubwa, na lina vifuniko viwili, kimoja juu na kimoja chini. Ndani ya kifuniko kimoja kuna kinoo. Ndani ya kingine kuna ngozi. Katikati kuna wembe mmoja mfupi wa chuma cha Sheffield, mzito mgongoni na wenye mbavu zilizochimbwa kama za wembe wa kukunja, umefungwa kwenye kibebeo kinachotembea. Kifuniko kimoja kikiondolewa, mpini huinuliwa na kusukumwa mbele na nyuma. Meno ya kibebeo hukamata safu ya meno iliyo kwenye kasha na kuulaza wembe upande mmoja wakati wa kwenda, upande wa pili wakati wa kurudi. Kila kigeuko hutoa mlio mkali wa chuma. Aliyekulia katika nyumba yenye Rolls alijua baba ameamka kabla hajamwona.

Tofauti na AutoStrop ni kinoo. Mwenye Rolls hununua wembe mmoja, na akiutunza unaweza kumtumikia miaka mingi, kwa sababu makali yaliyopotea hutengenezwa upya kwenye jiwe badala ya kubembelezwa kwenye ngozi. Kati ya mashine zote zilizouzwa kwa ahadi ya kumwondolea mnunuzi gharama ya nyembe, hii ndiyo iliyotimiza ahadi yenyewe. Malipo yake yalikuwa dakika za kila asubuhi.

Kinachotokea kwenye makali

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba wembe huisha kwa kusagika taratibu. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Gianluca Roscioli na wenzake, walichapisha katika jarida la Science maelezo tofauti. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe mara 50 hivi, lakini wembe ukiupata ukiwa umeinama, nguvu hukusanyika kwenye sehemu ndogo ya makali. Kama hapo chembe za chuma hazilingani kwa ugumu, kipande kidogo sana hubanduka. Vibanduko hivyo vikijumlika, wembe huanza kuvuta.

Ugunduzi huo unaeleza, bila ya kukusudia, kwa nini mashine hizi mbili zilitofautiana matokeo. Mkanda wa ngozi hunyoosha makali yaliyoinama, huondoa taka na kung'arisha. Hauwezi kujaza pengo. Jiwe hula chuma cha pande zote mbili hadi mstari mpya upatikane chini ya pengo. Ndiyo maana ngozi hutumika kila siku na jiwe mara chache: kila safari ya jiwe inapunguza wembe wenyewe.

Namna ya kunyoa

Wembe wa Rolls hutolewa kwenye kibebeo na kufungwa kwenye mpini mdogo wa kunyolea, ukiwa na kinga mbele ya makali. Kabla ya hapo hupigwa ngozi. Mapito 20 au 30, kwa mwendo mwepesi, yanatosha. Kwenye jiwe mwendo huwa wa polepole.

Ndevu huloweshwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu. Unywele ulioshiba maji hukatika kwa nguvu ndogo zaidi, na hilo ni nafuu kwa ngozi na kwa wembe pia. Povu la sabuni hupakwa kwa brashi, mpini hushikwa kwa mlalo wa nyuzi 30 hivi, na uzito wa mashine huachwa ufanye kazi. Anayekandamiza hujikata. Mapito huwa mafupi, ngozi ikivutwa kwa mkono wa pili, hasa chini ya taya ambako ndevu hubadilisha mwelekeo. Kichwa cha Rolls ni kinene na hakipindi, kwa hiyo chini ya pua ni mahali pa subira.

Kwa wenye ndevu za kujikunja, wakiwemo wengi wa Afrika, mashine za wembe mmoja zina faida ambayo matangazo ya zamani hayakuitaja. Mashine za nyembe nyingi huvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi. Unywele uliojikunja ukiota tena huchoma ngozi kutokea ndani, na hivyo huzuka vipele vya ndevu. Wembe mmoja, ukifuata uelekeo wa ndevu bila kurudia kinyume, huacha kisiki kifupi juu ya ngozi na hupunguza tatizo. Haulimalizi.

Wembe wa kunolewa ni wa mtu mmoja. Kutumia wembe ule ule kwa nyuso nyingi, hata kama umepigwa ngozi vizuri kiasi gani, kuna hatari ya kuambukizana magonjwa ya damu kama homa ya ini ya B. Kinyozi wa Dar es Salaam au Mombasa anayevunja wembe mpya wa pande mbili katikati, akautia kwenye kishikio mbele ya mteja na kuutupa baadaye, anafuata busara ya Gillette kwa sababu njema kuliko ya Gillette.

Kufifia

Mashine ya umeme ya Jacob Schick, iliyoingia sokoni mwaka 1931, ilichukua wateja waliochukia povu. Pigo kubwa lilikuja baadaye, tena kutoka London. Wilkinson Sword, kampuni ya mapanga iliyowahi kuuza seti za nyembe saba za kunolewa, mmoja kwa kila siku ya juma, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuuza wembe mwembamba wa chuma kisichoshika kutu. Uliweza kunyoa mara nyingi kuliko wembe wa kawaida wa wakati huo, na Gillette ililazimika kutoa wake mwaka 1963. Wembe wa bei nafuu ulipoanza kudumu bila kunolewa, hoja ya dakika za kila asubuhi ilikwisha.

Rolls Razor yenyewe ilipata mwisho wa ajabu. John Bloom, kijana aliyekuwa akiuza mashine za kufulia moja kwa moja kwa wateja kupitia matangazo ya magazeti, aliiunganisha kampuni hiyo na biashara yake, na Cricklewood ikaanza kutoa mashine za kufulia zenye jina la Rolls. Kampuni ilifilisika Julai 1964, ikawa moja ya kashfa kubwa za biashara za Uingereza wakati huo.

Leo mashine zote mbili hupatikana kwa wauzaji wa vitu vya kale. Kwenye AutoStrop cha kukagua ni roda na chemchemi ya kichwani. Mkanda uliokauka na kupasuka hubadilishwa, na nyembe za upande mmoja za Feather kutoka Japani, aina ya FHS-10, huingia vizuri. Rolls haina nyembe mpya, hivyo hukaguliwa kwa ukali zaidi: jiwe lisiwe na ufa, meno ya kibebeo yasiwe yamelika, na makali yatazamwe kwa kioo cha kukuzia. Madoa ya kutu mgongoni ni sura tu. Mashimo ya kutu yaliyofika kwenye makali hayanoleki, na wembe wa namna hiyo hauna maana kuununua hata kasha likiwa la fedha.