Mgeni Mlaji na Wino Wake

Mwaka jana mjomba wangu alinialika kula chakula cha mchana katika hoteli moja ya ufukweni hapa Dar es Salaam. Jina la hoteli silitaji, sitafuti kesi na mtu. Mjomba alikuwa amelipwa fedha zake za kazi ya rangi, akasema leo tule kama mabosi. Nikaletewa kamba wa kukaanga, wamepangwa juu ya majani ya saladi kama askari wa gwaride, pembeni vipande vya limau. Nikatia mmoja mdomoni. Jamani! Ladha ilikuwa ya jokofu lililokatikiwa umeme siku mbili. Mhudumu akaja, akainama kwa adabu, akauliza, "Vipi kaka, chakula kizuri?" Mjomba akanitazama. Nikajibu, "Kizuri sana, ahsante."

Uongo ule umenikaa kooni kuliko mwiba wa changu.

Msomaji, mimi si mgeni wa samaki. Nimekulia Kigamboni, kwa bibi mzaa mama ambaye kazi yake ilikuwa kukaanga samaki. Alfajiri tulivuka naye kwa pantoni kwenda mnadani Feri, na kabla sijajua kusoma alikwisha nifundisha kazi. Fungua mashavu uone kama bado ni mekundu. Tazama jicho, likiwa limezama mwache. Bonyeza nyama, kidole kikiacha shimo, ondoka zako. Alikuwa akisema, "Samaki hasemi uongo mjukuu wangu, msema uongo ni limau."

Sasa iweje mjukuu wa mwanamke yule anyamaze? Swali hili lilinirudisha kwenye historia. Shuleni tulikariri kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, tukaandika kwenye mtihani, tukasahau. Mwalimu hakutuambia kwamba bwana huyu alikuwa mlaji, tena mlaji mwenye mdomo. Hayo niliyakuta mwenyewe baada ya kumaliza shule, nilipoisoma safari yake yote.

Alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304. Kwa hiyo alipofika pwani yetu alikuwa kijana wa miaka 27 hivi, rika letu kabisa sisi tunaoandika humu. Alianzia Zeila, upande wa Ghuba ya Aden. Mji ule aliuita mchafu na wenye kunuka kuliko yote duniani, na sababu akazitaja: wingi wa samaki, na damu ya ngamia waliochinjwa njiani. Bahari ilikuwa imechafuka, lakini akaona heri alale chomboni kuliko kulala mjini. Huyo ndiye mteja wa kweli. Hakumwambia mtu "kizuri sana, ahsante".

Mogadishu alipokelewa kwa heshima na kuletewa chakula kutoka kwa sultani. Nilipofika hapo nilimeza mate. Wali umepikwa kwa samli, umepakuliwa kwenye sinia kubwa la mbao. Juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yenye achari ya limau, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Akaeleza hata namna ya kula, kwamba ukimeza tonge la wali unafuatisha achari. Leo ukienda kwenye harusi yoyote ya pwani utakuta wali na achari sinia moja. Karibu miaka 700 imepita, mlo bado unatambulika.

Halafu baada ya kushiba, mgeni wetu akasema kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba watu wale ni wanene kupita kiasi. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Alisifu tunda moja lenye kokwa, tamu sana, na wengi husema ni zambarau. Akaandika kwamba chakula kikubwa cha watu wa pale ni ndizi na samaki.

Hakuwa wa kwanza kutuchungulia. Zaidi ya miaka 1,200 kabla yake, katika karne ya kwanza, Mgiriki mmoja asiyejulikana jina aliandika kitabu cha kuwaongoza wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Alitaja kisiwa cha pwani hii ambako watu walikuwa na mashua za kushonwa kwa kamba, na walivua kwa vikapu vilivyosukwa na kufungwa penye mkondo wa maji. Mvuvi yeyote wa Kigamboni akisikia hivyo atasema, "Si dema hilo?" Lakini kuhusu ladha ya samaki waliomo ndani ya dema, hakuna hata neno. Yeye alitafuta pembe za ndovu na magamba ya kasa. Mfanyabiashara hupima, mlaji huonja.

Basi nampenda Ibn Battuta kwa ukweli wake. Ila nina ugomvi naye mdogo. Safari yake aliisimulia akiwa kwao Morocco, mtu mwingine akaiandika, ikakamilika mwaka 1355. Zaidi ya miaka ishirini ilikuwa imepita tangu alipolamba vidole Mogadishu. Nani angemjibu? Isitoshe, sultani tunamjua, kadhi tunamjua, lakini aliyekipika kile kitoweo hatajwi. Alikuwa mwanamke? Alikuwa mtumwa? Samaki alimnunua kwa nani? Jikoni hakuna aliyeshika kalamu, kwa hiyo mpaka leo mlo wa nyumbani kwetu tunausoma kwa mdomo wa mgeni.

Hapo ndipo aibu yangu ilipozidi. Mimi ni mtoto wa jikoni, kalamu ninayo, na nimeulizwa ana kwa ana. Nikadanganya! Kwa nini? Nikisema nilimstahi mjomba nitakuwa naongeza uongo mwingine. Ukweli ni kwamba kitambaa cheupe cha meza kilinitisha. Nilijiambia labda hotelini kamba huliwa hivi, labda pua yangu ya uswahilini ndiyo yenye kasoro. Nilikiamini kitambaa nikamkana bibi yangu.

Na uongo ule ulikula mtu. Mjomba aliponiona nachezea chakula alisema tusitupe hela, akavuta sahani yangu akamaliza wote. Siku mbili hakwenda kazini, alikuwa akikimbilia chooni. Mpaka leo anaamini ni maji ya kisima.

Namwandikia haya ayasome humu, kwa sababu mdomo umenishinda. Mjomba, walikuwa wameoza, na nilijua tangu kamba wa kwanza. Na ninyi wenzangu mnaotaka kuandika riwaya, msianzie mbali. Anzeni na sahani iliyo mbele yenu, mseme ina ladha gani, na nani aliamka alfajiri kuipika. Tukinyamaza, atakuja mgeni mwingine, atakula, atashiba, na atayaandika yeye.