Mshika Kamba: Tarikhi ya Mwenzi wa Mpiga Mbizi

Kabla ya mafuta ya petroli kupatikana Bahrain mwaka 1932, riziki ya miji mingi ya Ghuba ilitoka chini ya maji, nayo haikutolewa na mtu mmoja. Kila chaza aliyeopolewa alikuwa kazi ya watu wawili: ghais, aliyezama, na saib, aliyebaki juu ya jahazi ameshika kamba ya mwenziwe. Wasimulizi wamezoea kumsifu wa kwanza na kumpita wa pili kwa haraka. Lakini anayetaka kujua jinsi binadamu alivyompata na kumchagua mwenzi wa kupiga mbizi hana budi kuanza na huyu wa pili, kwani kazi yake ndiyo waliyoirithi wapiga mbizi wa zama zetu, wapende wasipende.

Ghais alibana pua kwa kibanio cha pembe au cha gamba la kasa, akatundika kapu shingoni, akatia mguu katika kamba yenye jiwe, kisha akashuka kwa uzito wa jiwe hilo pima saba au nane, na pengine zaidi. Alipofika chini jiwe lilipandishwa, naye akabakiwa na kamba ya pili peke yake baina yake na uhai. Kwa muda wa dakika moja hivi alikusanya chaza, na pumzi ilipokaribia kumwishia aliitikisa kamba. Tangu hapo hakuwa na la kufanya ila kushikilia, maana hakupanda kwa kuogelea bali kwa kuvutwa. Saib aliyesinzia, au aliyedhani mtikiso ule ni wa mawimbi, au aliyelegea mikono baada ya kuvuta tangu asubuhi, aliweza kuwa mauti ya mwenziwe; na kwa kuwa kazi hiyo ilirudiwa mara nyingi kila siku, tangu mwezi wa Juni hata Septemba, hadhari yake haikufaa kuwa fadhila ya siku moja, ilipasa iwe tabia.

Wawili hao walifungamana kwa mapato. Katika bandari nyingi mzamiaji alipata mafungu matatu na mvutaji mafungu mawili ya faida iliyosalia baada ya gharama za chombo, hivyo pumzi ya mmoja ilikuwa chakula cha watoto wa mwingine. Juu ya mapato lilikuwako deni. Nahodha alitoa fedha za kutangulia kabla ya msimu, ili mabaharia wapate kuacha matumizi nyumbani, na msimu mmoja mbaya ulitosha kumfunga mtu kwa nahodha yule yule mwaka baada ya mwaka. Naye aliyefungwa kwa nahodha alifungwa pia kwa jahazi lake na kwa watu waliokuwamo. Serikali ya Bahrain ilianza kuitengeneza hali hii katika miaka ya 1920, ilipowalazimisha manahodha kuweka hesabu za wazamiaji kwa maandishi. Lakini walikuwako ambao hawakuwa hata na hadhi ya mdeni: watumwa, wengi wao watu waliochukuliwa Afrika Mashariki au wazao wao, waliozamia lulu hata katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na mafungu yao yakachukuliwa na mabwana zao. Hao hakuna aliyewauliza ni nani wangependa awashikie kamba.

Watu wa Unguja na Lamu waliwaona mabaharia wa Ghuba kila mwaka, pengine bila kujua kazi yao ya pili. Majahazi yaliyokuja na kaskazi, na kupakia boriti za Rufiji, yalirudi na kusi, na baadhi ya mabaharia wake wakaenda kutafuta lulu kabla ya safari nyingine kuwadia. Alan Villiers, mwandishi wa Australia, aliabiri pamoja nao katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi mwaka 1938 na 1939, akafika Unguja na Rufiji, kisha akaenda kuwatazama wazamia lulu katika bahari yao. Kazi aliyoikuta ilikuwa imekwisha dhoofika, kwa sababu lulu za kupandwa za Mikimoto wa Japani, pamoja na kuanguka kwa uchumi wa dunia tangu 1929, zilikuwa zimeporomosha bei.

Huko Japani kwenyewe wanawake wapiga mbizi waitwao ama walikuwa na njia yao. Mmoja katika mitindo yao ni kushuka kwa uzito na kuvutwa na mwanamume aliye juu ya mashua, na aghlabu mwanamume huyo ni mume; kwa hiyo mwenye kuchagua mume alikuwa amechagua na mshika kamba. Wanawake wa kisiwa cha Jeju, Korea, hawakutaka kamba hata kidogo: huingia baharini kwa kundi, na kila anayeibuka hutoa pumzi kwa mluzi unaosikika na wenziwe.

Mambo yakabadilika Ufaransa mwaka 1943, Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walipofanikiwa kuunda chombo kinachompatia mtu hewa ya mtungi kadiri anavyovuta pumzi. Kamba ikawa haina lazima tena, na mshika kamba akaonekana hana kazi. Hata hivyo Cousteau hakuthubutu kukijaribu chombo hicho baharini pasipo wenzi: mkewe Simone alielea juu yake akimtazama kwa miwani ya maji, na rafiki yake Frédéric Dumas alikaa ufukoni tayari kuingia akiitwa.

Dhamana ya mwenzi ilidhihirika zaidi mwaka 1946, Cousteau na Dumas waliposhuka katika chemchemi yenye kina ya Vaucluse. Mashine iliyojaza mitungi yao ilikuwa imevuta moshi wake wenyewe, nao wakawa wanavuta sumu bila kujua. Akili zikawapotea gizani. Juu alikuwako Maurice Fargues ameshika kamba, na ishara za mivuto zilikuwa zimekwisha agizwa. Cousteau alipojaribu kupanda kwa kujivuta kwenye kamba, Fargues alidhani anaombwa kamba zaidi, akazidi kuilegeza. Mwisho alitambua kuwa chini hakuna salama, akawavuta wote wawili wakiwa hai. Mashaka ya saib wa Ghuba yalikuwa yamemfikia mwanamaji wa Kifaransa: ni mtikiso wa nini huu?

Funzo likawa kwamba, kamba ikiondolewa, mwenzi hana budi kushuka pamoja na mpiga mbizi. Katika taasisi ya Scripps, California, Conrad Limbaugh aliwafunza wanasayansi wapiga mbizi tangu mwanzo wa miaka ya 1950, na kuzama wawili wawili kukawa sharti. Vyama vya mafunzo, kama kile cha Uingereza kilichoanzishwa 1953, NAUI ya 1960 na PADI ya 1966, vikaeneza kanuni hiyo ulimwenguni. Siku hizo mtu aliyeishiwa hewa alipokezana na mwenziwe kipande kimoja cha mdomoni, pumzi kwa zamu, na kumrudishia mtu pumzi yake hali wewe mwenyewe unaihitaji ni jambo lisiloaminika kwa mgeni. Limbaugh mwenyewe alifariki 1960 katika pango lenye maji la Port-Miou, karibu na Cassis, alipopoteana na mwenziwe.

Baadaye kila mtu alichukua kipande cha pili cha kumpa mwenzi, na urahisi huo ukaleta uzembe wa namna yake. Leo msafiri anayefika peke yake Mnemba au Mafia huweza kuunganishwa chomboni na mtu asiyemjua, wakakaguana mitungi, mikanda na vizito, kisha wakaingia majini kabla ya kuulizana kama mmoja anataka kupiga picha na mwingine anataka kwenda mbali, au ni nani humaliza hewa upesi. Kuulizana huko huchukua dakika chache, nako ndiko kuchagua. Mdeni wa Bahrain hakupewa nafasi hiyo, na mtumwa hakuiota; mpiga mbizi wa leo, akiona majibu hayamridhishi, anayo haki kamili ya kusema kabla ya kuvaa mtungi, bila kutoa sababu wala kuomba radhi: mimi na wewe leo hatuzami pamoja.