Boliti Iliyoshika Kutu na Historia ya Kuifungua

Kutu haishiki boliti kwa kunata kama gundi. Chuma kikipata maji na hewa huzaa kutu, na kutu hiyo hujaza nafasi mara mbili au zaidi ya ile iliyokuwa ya chuma kilicholiwa. Kati ya meno ya boliti na ya nati hakuna pa kufurika, kwa hiyo kutu hujikandamiza mpaka vitu viwili vinakuwa kimoja. Chumvi huharakisha kazi hiyo, na ndiyo sababu gari lililokaa Tanga au Mombasa humsumbua fundi kuliko lile la Dodoma. Boliti ya chuma iliyozama ndani ya alumini ina balaa yake: penye unyevu alumini ndiyo inayoliwa, na unga mweupe hujaa kwenye meno.

Tabu ya kufungua, hata hivyo, haikuanza na kutu peke yake. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 kila karakana ilichonga meno ya hesi kwa kipimo chake, na nati ya fundi mmoja haikuingia kwenye boliti ya mwingine. Mwaka 1841 Joseph Whitworth aliwapendekezea wahandisi wa Uingereza kipimo kimoja, chenye meno ya pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia akaja na digrii 60, rahisi zaidi kuchonga, na Marekani ikaenda njia yake. Vita Kuu ya Pili ilifichua hasara ya mgawanyiko huo, kwa kuwa vipuri vya washirika havikuingiliana. Novemba 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kutumia meno ya aina moja, ya digrii 60.

Miezi michache kabla ya makubaliano hayo, Aprili 1948, Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, ikiwa bado na meno ya Kiingereza ya zamani. Miaka iliyofuata gari hilo lilihamia taratibu kwenye meno ya mkataba, na mwishowe kwenye milimita. Matokeo yake, Land Rover kuukuu iliyopita mikononi mwa mafundi wengi inaweza kuwa na boliti za vizazi vitatu. Spana iliyoandikwa robo inchi ya Whitworth haina mdomo wa robo inchi: namba ni unene wa boliti, na mdomo wenyewe unakaribia milimita 13.3. Nati yenye upana wa nusu inchi, yaani milimita 12.7, huingia kwenye spana namba 13 lakini hucheza ndani yake. Nati isiyo na kutu huvumilia mchezo huo. Iliyoshika kutu hulika kona, kisha lawama zote hutupiwa kutu.

Moto ndio dawa ya zamani kuliko zote, nao ulianza kwa mhunzi, aliyelazimika kupeleka chuma kwenye makaa. Injini nzima haipelekwi kwenye makaa. Mwaka 1892 Thomas Willson, akiwa Marekani, alipata njia ya kutengeneza kabaidi kwa wingi katika tanuri la umeme. Kabaidi ikimwagiwa maji hutoa gesi ya asetilini. Mwaka 1895 Henri Le Chatelier wa Ufaransa akaonyesha kuwa gesi hiyo ikichomwa pamoja na oksijeni hutoa mwali unaopita digrii 3,000, na miaka michache baadaye Edmond Fouché na Charles Picard wakaunda bomba la kuushika mkononi. Tangu hapo moto ukalifuata gari lilipo. Nati ikipashwa hupanuka kabla ya boliti, na kutu iliyo katikati hupasuka. Kwenye alumini kinachopashwa ni alumini yenyewe, kwani hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Mafundi wengine hugusisha nta ya mshumaa kwenye boliti ya moto. Nta huyeyuka na kunyonywa ndani ya meno.

Mafuta ni ya wenye subira. Ya taa na dizeli yalitumika gereji muda mrefu, kwa kuwa ni mepesi na hupenya. WD-40, inayodhaniwa na wengi kuwa ilibuniwa kwa boliti, ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 ili kufukuza maji kwenye ngozi ya makombora ya Atlas. 40 ni idadi ya majaribio, na madukani ilifika mwaka 1958. Yoyote yatakayotumika, usiku mzima wa kulowana hushinda saa nzima ya kuvuta. Kukaza kidogo kabla ya kulegeza nako husaidia, maana huvunja kutu bila kuisukuma kwenye meno safi.

Boliti ikikatika, hutobolewa katikati kwa keekee na kung'olewa kwa keekee ya meno ya kinyume. Chombo hicho ni kigumu lakini chepesi kuvunjika, na kikivunjikia ndani, keekee ya kawaida haikikati tena. Kuchomelea nati juu ya kisiki ni bora, kwa sababu umeme huleta mshiko na joto kwa pamoja. Kwenye ekzosi, watengenezaji wengi wa zamani waliikwepa tabu hii mapema kwa kufunga stadi za chuma kwa nati za shaba nyeupe, ambazo haziungani na chuma kwa kutu.