Ganda Lililopigwa Mara Moja Tu

Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Kule Marekani chungu ni walenga shabaha na wawindaji, na muwa wao ni risasi ya jeshi. Hununua maganda yaliyookotwa kwenye viwanja vya shabaha vya askari, mengi yakiwa na herufi LC kitakoni: yametoka Lake City, Missouri, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1941. Ganda ni shaba asilimia 70 na zinki 30. Likipigwa hutanuka bila kupasuka, kwa hiyo hukandamizwa likarudia umbo lake, likatiwa fataki, baruti na kichwa kipya.

Kazi hiyo tuiiteje? “Kupakia risasi upya” hakufai. Hiyo ni kazi ya askari anayebadilisha magazini. Tena risasi kwetu ni madini, ni kile kinachoruka, na ni kitu kizima pamoja na ganda lake. Kinachorudiwa hapa ni ganda peke yake.

Mimi nilivutiwa na kushindilia. Mwenye gobore humimina baruti mdomoni mwa mtutu, akaishindilia kwa mti. Neno tamu, lina jasho ndani yake. Lakini baruti ya siku hizi hupimwa kwa mizani, na ganda la jeshi mara nyingi lina kuta nene, hivyo nafasi ndani ni finyu: kipimo kilicholifaa ganda la kiraia kinaweza kuzidisha shinikizo hapa. Neno linalouambia mkono ukandamize baruti silitaki karibu na kazi hii. Nimebaki na kujaza ganda upya.

Fataki nayo tuirudishe kazini. Kijana wa Tanzania akilisikia atacheka, maana kwake ni mtu mzima anayewanyemelea wanafunzi wa kike. Kamusi za zamani zinalijua kama kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa. Katika ganda la jeshi, shaba ya kitako hubanwa kuizunguka fataki isichomoke bunduki inapopiga mfululizo. Ukiitoa ya zamani, ukingo uliobanwa hubaki, na mpya haiingii mpaka ukwanguliwe au usukumwe nyuma. Huo nauita mbano wa fataki.

Limebaki lile la “mara moja” kwenye kichwa cha habari. Ganda lililopigwa mara moja: idadi, au papo hapo? Ndiyo maana nimeongeza “tu”. Hata hivyo istilahi haisemi lilipigwa na bunduki gani, na hilo ni kubwa kuliko idadi. Chemba ya bunduki ya rashasha ni pana, na ganda hurefuka humo. Fundi huchukua waya mwembamba, akaupinda ncha kama kidole, akapapasa ndani karibu na kitako. Waya ukikwama kwenye mfereji, ukuta umeshakonda, na ganda hilo linaenda kwenye ndoo ya chuma chakavu, japo limepigwa mara moja tu.